Njia nne za kutumia hedfoni zisizo na waya kwenye kompyuta ya mezani ya Linux, na ipi inamfaa nani

Kompyuta za mezani zilizojaa kwenye maduka ya Dodoma ni zile zilizokwisha kutumika maofisini: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine ngumu, bei yake mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anaweza kujibana akaifikia, na Linux hutulia vizuri ndani yake hata pale Windows mpya inapoikataa. Shida hujitokeza siku unapotaka kusikiliza bila waya. Hedfoni zinapatana na simu bila taabu, lakini kwenye kompyuta unafungua mipangilio ya Bluetooth na kukuta ukurasa mtupu, usio na hata swichi ya kuwasha. Hedfoni hazina kosa, wala Linux haina kosa. Nyingi ya mashine hizo zilitoka kiwandani bila redio ya Bluetooth.

Wengi hapo hukimbilia dukani na kuchukua kidude cha kwanza wanachooneshwa. Nakuomba usubiri kidogo, kwa sababu njia zipo nne, na kinachozitenganisha zaidi si bei. Ni nani anayebeba kazi ya kuirusha sauti bila waya. Katika mbili za kwanza, Linux yenyewe hutafuta hedfoni, huzioanisha, hubana sauti na kuirusha. Katika mbili za mwisho, kifaa cha nje hufanya hayo yote na Linux huona kadi ya sauti tu, kama vile umechomeka spika. Ukishalijua hilo, maswali mengi yanajijibu.

Nikisema hedfoni hapa chini nina maana ya zote: za kufunika masikio na zile ndogo za kuchomeka sikioni.

Vigezo

Kila njia nitaipima kwa mambo matano. Kwanza, kuunganisha: kazi kiasi gani mpaka usikie sauti. Pili, maikrofoni: je, utaweza kuongea kwenye kikao au kipindi cha mtandaoni bila kusikika kama unaongea kutoka ndani ya pipa. Tatu, kuchelewa kwa sauti. Nne, hedfoni zenyewe: ulizonazo zitatumika, au itabidi ununue nyingine? Tano, maisha ya hapa kwetu: umeme kukatika, bando la kupakua vitu, vumbi la kiangazi, na ugumu wa kurudisha kifaa kilichonunuliwa Kariakoo, kilomita zipatazo 450 kutoka hapa.

Ubora wa muziki sikuufanya kigezo cha peke yake. SBC, kodeki (njia ya kubana sauti) ambayo kila hedfoni ya Bluetooth ya muziki lazima iwe nayo, ikiwekwa juu hufikia kilobiti 328 kwa sekunde, na masikio ya wengi wetu yanatosheka nayo. LDAC, kodeki nyingine, hupanda hadi 990, lakini hiyo ni habari ya mtu mwenye hedfoni za gharama na chumba kimya.

Jambo la kuelewa kabla ya kununua: muziki na maongezi ni njia mbili tofauti

Malalamiko ninayoyasikia kuliko yote ni haya: "Sauti ilikuwa safi, nikaingia kwenye kikao ikawa mbovu ghafla." Hakuna kilichoharibika. Bluetooth ya kawaida ina hali mbili za sauti. A2DP hubeba muziki kwa masikio yote mawili, lakini ni ya kwenda tu: maikrofoni imefungwa. HFP, pamoja na ndugu yake mkongwe HSP, hufungua maikrofoni lakini hushusha sauti zote, inayoingia na inayotoka. Kwa kodeki ya zamani ya CVSD sauti hupimwa kwa kilohezi 8, kiwango cha simu ya mezani ya zamani. Kwa mSBC hupanda hadi kilohezi 16, ambayo inatosha kwa maongezi lakini muziki unabaki mkavu.

Programu ya kikao inapoomba maikrofoni, Linux za sasa huhama zenyewe kutoka hali ya kwanza kwenda ya pili. Hiyo ndiyo "ghafla" ile. Simu nayo hupitia mabadiliko hayohayo, ila ukiwa na simu mkononi huwa hukuwa unasikiliza muziki wakati ule, kwa hiyo hulioni.

Dawa ya bei nafuu ipo: tumia maikrofoni nyingine. Ya waya wa milimita 3.5, ya USB, au ile ya kamera ya kompyuta. Ichague kuwa ingizo kuu kwenye mipangilio ya sauti, na hedfoni zitabaki kwenye A2DP zikisikika vizuri kikao kizima. Ushauri huu hufuta nusu ya sababu za kununua vifaa vya gharama, ndiyo maana nimeutanguliza.

Jambo la pili ni toleo la Linux yako. Kwa miaka mingi sauti ilisimamiwa na PulseAudio, ambayo hadi toleo 15 la mwaka 2021 ilijua SBC peke yake kwa muziki. Sasa kazi hiyo imechukuliwa na PipeWire. Fedora iliifanya ya kawaida kwenye toleo 34 la mwaka 2021, Ubuntu kwenye 22.10, na Linux Mint kwenye toleo 22 la mwaka 2024. Kama ungali na Ubuntu 22.04 au Mint 21, bado uko na PulseAudio. Hedfoni zitafanya kazi, lakini kwa Bluetooth ninaona PipeWire ni tulivu zaidi, na kama umejiandaa kupandisha toleo, lipandishe kabla ya kununua chochote. Huenda ukagundua tatizo lako lilikuwa hapo.

Njia ya 1: Kidude cha Bluetooth cha USB

Ni kile kidogo kama ukucha, kinachomekwa nyuma ya kompyuta na kusahaulika huko. Ndiyo njia ya bei ya chini kuliko zote, na ndiyo yenye mitego mingi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

*Kuunganisha.* Kila kitu kinategemea chipu iliyo ndani, na kasha halisemi ukweli kila mara. Chomeka, fungua terminali (dirisha la kuandika amri), andika `lsusb`, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Ukiona `0a12:0001`, kidude kinajitambulisha kuwa cha Cambridge Silicon Radio. Chipu halisi ya kampuni hiyo ni nzuri na Linux inaijua tangu zamani, lakini namba hiyohiyo imeigwa na viwanda vingi vya vidude bandia. Kerneli (kiini cha Linux) za miaka ya karibuni zimewekewa mbinu za kuvitambua na kuvivumilia, ila vingine bado huonekana vimewaka huku vikishindwa kuona hedfoni hata zikiwa hatua moja tu kutoka vilipo. Kasha likikuahidi Bluetooth 5.0 halafu `lsusb` ikakupa namba hiyo, usipoteze jioni yako ukihangaika na mipangilio. Rudisha.

Ukiona `0bda:8771` umepata Realtek RTL8761BU, ambayo kwa sasa ndiyo ningemshauri ndugu yangu anunue. Inahitaji fimwea, yaani faili dogo ambalo Linux hulipakia ndani ya chipu kila inapowaka. Kwenye Ubuntu na Mint faili hilo limo tayari. Kwenye Debian liko kwenye kifurushi cha `firmware-realtek`. Ukitaka jina la kuaminika dukani, TP-Link UB500 hutumia chipu ya ukoo huu, na kerneli inaitambua kuanzia toleo 5.16. `uname -r` itakuambia uliyonayo.

Kisha huja kuoanisha. Kwanza zima Bluetooth ya simu yako, maana hedfoni nyingi hurukia simu ziliyoizoea kabla kompyuta haijapumua. Ziweke hedfoni kwenye hali ya kuoanishwa, kwa kawaida kwa kubonyeza kitufe sekunde kadhaa mpaka taa ipepese. Kama mazingira ya eneokazi lako ni GNOME, KDE au Cinnamon, mipangilio inatosha. Kwenye XFCE au MATE weka programu ya Blueman. Ikigoma, ingia `bluetoothctl` kwenye terminali na uandike kwa mfuatano `power on`, `scan on`, halafu `pair`, `trust` na `connect`, kila moja kati ya hizo tatu za mwisho ikifuatwa na anwani ya hedfoni utakayokuwa umeiona. Usiiruke `trust`. Hiyo ndiyo inayoruhusu hedfoni kurudi zenyewe kesho bila kuuliza.

Vikwazo viwili hujirudia. Ukiambiwa hakuna adapta (yaani kifaa cha Bluetooth cha kompyuta) wakati `lsusb` inakiona kidude, andika `rfkill list`. Ikiwa Bluetooth imefungwa, `rfkill unblock bluetooth` huifungua. Na hedfoni zikiunganika kisha zikakatika papo hapo kwa ujumbe wenye maneno `br-connection-profile-unavailable`, mara nyingi kinachokosekana ni sehemu ya sauti: kwenye Debian na Ubuntu zenye PipeWire weka `libspa-0.2-bluetooth`, kwenye zile za PulseAudio weka `pulseaudio-module-bluetooth`, kisha uwashe upya. Wenye AirPods zinazokataa kuoanishwa wajaribu kuweka `ControllerMode = bredr` kwenye faili la `/etc/bluetooth/main.conf`.

*Maikrofoni.* Inafanya kazi, kwa ubora wa HFP niliokwisha kuueleza.

*Kuchelewa.* Kwa SBC tegemea milisekunde 150 hadi 250. Kwenye filamu hutaona, kwa sababu vicheza video huichelewesha picha iende sambamba na sauti, na kwenye VLC unaweza kurekebisha mwenyewe kwa vitufe vya J na K, milisekunde 50 kila unapobonyeza. Kwenye michezo utaona. Kwa anayerekodi ala, iwe kinanda cha kwaya au marimba ya Kigogo, haifai kabisa: kidole kinagusa, sauti inafika baadaye.

*Hedfoni zenyewe.* Zozote za Bluetooth, na zitaendelea kutumika na simu. Hii ndiyo nguvu kubwa ya njia hii.

*Maisha ya hapa.* Kinapatikana mjini, kwenye maduka ya vifaa vya simu na kompyuta, na ninasisitiza kununua hapahapa ili uweze kurudi nacho ukiwa na majibu ya `lsusb`. Kiweke kwenye tundu la USB 2.0, siyo lile la buluu. Mwaka 2012 Intel ilichapisha maelezo ya jinsi vifaa na nyaya za USB 3.0 zinavyotoa kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo ya Bluetooth. Diski ya nje ikichomekwa pembeni, sauti inaanza kukatikakatika na mtu analaumu hedfoni. Waya mfupi wa USB wa kurefushia, unaokitoa kidude nyuma ya keshi ya chuma na kukileta juu ya meza, mara nyingi hutibu hilo na hukiepusha na vumbi la sakafuni.

*Inamfaa* mwenye hedfoni nzuri tayari, anayesikiliza zaidi kuliko kuongea, na asiyeogopa kuandika amri chache.

Njia ya 2: Kadi ya ndani yenye Wi-Fi na Bluetooth

Hapa Bluetooth inaingia ndani ya keshi na kuwa sehemu ya mashine. Kadi zinazosifika kwenye Linux ni za Intel: AX200, ambayo Wi-Fi yake inahitaji kerneli 5.1 au mpya zaidi, na AX210 inayohitaji 5.10.

*Kuunganisha.* Upande wa programu ni mwepesi kuliko njia ya kwanza, kwani fimwea za Intel zimo kwenye mifumo mingi na hakuna kubahatisha chipu. Ugumu uko kwenye bisibisi. Mashine ndogo kama OptiPlex Micro au ThinkCentre Tiny za miaka ya karibuni huwa na nafasi ya M.2 ya kadi ya Wi-Fi, kwa hiyo unahitaji kadi yenyewe na antena zake. Mashine kubwa hazina nafasi hiyo mara nyingi, ndipo hununuliwa kadi iliyokwisha kufungwa kwenye ubao wa PCIe.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi hulisahau: Wi-Fi hupita kwenye PCIe, lakini Bluetooth ya kadi hiyohiyo hupita kwenye USB. Kwa kadi ya ubao wa PCIe, lazima uunganishe waya mwembamba kutoka kwenye kadi hadi kwenye pini za USB za mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta). Usipounganisha, Wi-Fi itafanya kazi vizuri kabisa na Bluetooth haitaonekana. Na usinunue AX201 au AX211 kwa sababu tu bei yake iko chini. Hizo hufanya kazi kwenye mazabodi za Intel zilizotengenezwa kuzipokea tu. Kwenye nyingine hazitakuwa na kazi.

*Maikrofoni, kuchelewa, hedfoni.* Sawa na njia ya kwanza, maana anayefanya kazi ni Linux ileile. Tofauti ni umbali. Antena za nje hushika vizuri hata ukitoka chumbani kwenda sebuleni kuchukua maji, ukuta wa tofali ukiwa katikati.

*Maisha ya hapa.* Kadi hizi ni adimu zaidi mjini kwetu, na wengi huagiza Dar es Salaam zikaja na basi. Kabla ya kuagiza fungua keshi uone nafasi iliyopo, na kama mashine yako ni ile nyembamba, hakikisha kadi inakuja na kibati kifupi, la sivyo haitafungika. Ukiwa umeshafungua, puliza vumbi. Kwa upepo wa Dodoma wa kati ya Juni na Oktoba utalikuta la kutosha.

*Inamfaa* mwenye mashine atakayokaa nayo miaka, na anayehitaji Wi-Fi pia. Kwa anayehitaji vyote viwili, bei yake inaanza kuwa na maana.

Njia ya 3: Hedfoni za gigahezi 2.4 zenye kipokezi chao

Hizi huuzwa kama hedfoni za michezo. Kwenye kasha mna hedfoni na kipande cha USB ambacho kimekwisha oanishwa nazo kiwandani. Masafa ni yaleyale ya gigahezi 2.4, ila lugha si Bluetooth.

*Kuunganisha.* Hakuna. Unachomeka, Linux inaona kadi ya sauti ya USB, unaichagua kwenye mipangilio ya sauti, basi. Haidai draiva wala fimwea, na haitumii hata megabaiti moja ya bando. Kwa kompyuta ya mzazi au ya ofisi ambako wewe hutakuwapo kusaidia, urahisi huu ni mkubwa kuliko unavyoonekana kwenye karatasi. Baadhi zina swichi ndogo ya kuchagua kompyuta au PlayStation. Hakikisha iko upande wa kompyuta.

Utakachokosa ni programu ya mtengenezaji ya kurekebisha besi au kuona chaji, kwani nyingi huandikwa kwa Windows. Kuna mradi huria unaoitwa HeadsetControl unaoweza kuonesha chaji kwa baadhi ya hedfoni za Logitech, SteelSeries na Corsair.

*Maikrofoni.* Hapa ndipo njia hii inapozishinda zile mbili. Sauti na maikrofoni huenda pamoja, muziki haushuki unapoanza kuongea.

*Kuchelewa.* Kudogo, kwa kawaida chini ya milisekunde 50. Kwa michezo ndiyo njia inayofaa.

*Hedfoni zenyewe.* Huu ndio udhaifu wake. Lazima ununue hizo hizo, ulizonazo hazina nafasi, na nyingi hazizungumzi na simu, isipokuwa chache zilizowekewa na Bluetooth pembeni, kama Logitech G435. Na kipokezi kikipotea, mara nyingi umepoteza hedfoni nzima, kwa sababu cha hedfoni nyingine hakizitambui. Hosteli ambako vitu huhamahama, kifunge kwa gundi ya karatasi au uandike jina lako juu yake.

*Maisha ya hapa.* Umeme ukirudi baada ya kukatika, kompyuta ikiwaka hedfoni zinaungana bila wewe kugusa kitu. Ukiwa na mifumo miwili kwenye mashine moja, Linux na Windows, utapata faida nyingine. Kwa njia ya 1 na ya 2 kila mfumo hutunza ufunguo wake wa kuoanisha, na kwa kuwa hedfoni huona adapta ni ileile, ufunguo mpya wa mfumo mmoja huufuta wa mwingine. Kila ukihama lazima uoanishe upya, au uhamishe ufunguo kwa mkono kwenda kwenye folda ya `/var/lib/bluetooth`. Kipokezi cha njia hii hakijui hata ni mfumo gani umewaka.

*Inamfaa* anayecheza michezo, anayeongea kwenye vikao saa nyingi kwa siku, na yeyote asiyetaka kujua habari za terminali.

Njia ya 4: Kirusha sauti cha Bluetooth

Hiki ni kifaa kinachopokea sauti kutoka kwenye kompyuta kikairusha kwa Bluetooth chenyewe. Kipo cha aina mbili: cha USB, kama Creative BT-W3, ambacho kompyuta hukiona kama kadi ya sauti; na kile cha pini ya milimita 3.5, kinachouzwa zaidi kwa ajili ya televisheni.

*Kuunganisha.* Linux haina la kufanya. Unaoanisha kwa vitufe: hedfoni kwenye hali ya kuoanishwa, kirusha sauti kwenye hali yake, unaviweka karibu na kusubiri. Kwa kuwa hakina kioo, hakikuulizi kiungane na nani. Kwenye jengo lenye wapangaji wengi fanya hivyo wakati jirani hajawasha spika yake.

Angalizo kubwa liko dukani. Vifaa vingi vinavyofanana nacho ni vipokezi vya gari, vinavyofanya kazi kinyume: hupokea muziki kutoka kwenye simu na kuutoa kwa waya. Kwa macho hutavitofautisha. Tafuta herufi TX, yaani kurusha. RX ni kupokea. Vile vyenye swichi ya zote mbili vinafaa. Muombe muuzaji akijaribu na hedfoni zako palepale, akichomeka kwenye simu yenye tundu la pini. Hakuna muuzaji mwaminifu atakayekataa.

*Maikrofoni.* Cha pini hakipitishi maikrofoni kabisa. Cha USB baadhi hupitisha, lakini kwa ubora uleule wa HFP. Kwa vyote viwili, maikrofoni ya pembeni ndiyo jibu.

*Kuchelewa.* Baadhi vina aptX Low Latency, inayoshusha kuchelewa hadi karibu milisekunde 40, ila ni pale tu hedfoni zako nazo zinapoijua kodeki hiyo. Zisipoijua, vyote viwili hurudi kwenye SBC na kuchelewa kulekule.

*Hedfoni zenyewe.* Zozote za Bluetooth, na simu inabaki na zamu yake.

*Maisha ya hapa.* Faida ambayo sijaiona kwingine: kifaa kimoja hutumika kwenye kompyuta mchana na kwenye televisheni usiku, wengine wakiwa wamelala. Kwa mashine kuukuu inayoendesha Linux ya zamani, isiyo na nafasi ya kupandishwa, hiki ndicho kitakachofanya kazi bila maswali. Kasoro ya kile cha pini ni mvumo: matundu ya mbele ya mashine kuukuu mara nyingi huvuma, na kirusha sauti kitaurusha mvumo huo pamoja na muziki. Tumia tundu la nyuma, la kijani. Na vyenye betri ya ndani huzimika katikati ya filamu. Chagua kinachoweza kufanya kazi huku kikichajiwa.

*Inamfaa* mwenye hedfoni nzuri, mashine kongwe, mifumo miwili, au familia inayogawana kifaa.

Kwa hali yako

Hedfoni unazo, fedha ni kidogo, na unachotaka ni kusikiliza mihadhara na muziki: kidude cha USB chenye chipu ya Realtek, kwenye tundu la USB 2.0. Anza kwa `lsusb` kabla hujaondoka karibu na duka, kama unaye rafiki mwenye kompyuta mpakato ya Linux.

Mtumishi anayeshinda kwenye vikao vya mtandaoni, iwe ofisini Mji wa Serikali Mtumba au nyumbani Kisasa, achague kati ya mawili: hedfoni za gigahezi 2.4, au abaki na zake za Bluetooth na kuongeza maikrofoni ya waya mezani. La pili ni nafuu zaidi na sauti yake kwa wanaomsikiliza mara nyingi ni bora, maana maikrofoni iko mbele ya mdomo. La kwanza linampa uhuru wa kusimama na kutembea akiwa anaongea.

Mchezaji wa michezo ya kompyuta aende moja kwa moja njia ya 3.

Unayeunda mashine upya, au umeifungua tayari kuongeza RAM au SSD, na nyumba haina waya wa intaneti: kadi ya ndani, pamoja na ule waya wa USB unaosahaulika.

Unaishi Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, fundi wa Linux hayupo karibu na kurudisha kifaa ni safari: njia ya 3 au ya 4. Chochote kinachoonekana kwa Linux kama kadi ya sauti tu kina mambo machache ya kuharibika.

Anayerekodi au kuchanganya muziki asitumie yoyote kati ya hizi wakati wa kurekodi. Hedfoni nyingi kubwa zisizo na waya bado zina tundu la milimita 3.5, chomeka waya kwa saa hizo, kisha uuchomoe unapobaki kusikiliza.

Na kama bado huna hedfoni wala kidude, anza na simu yako. Ikiwa utataka hedfoni hizohizo uzivae kwenye daladala ukitoka Jamatini, ondoa njia ya 3 kwenye hesabu, isipokuwa zile zenye Bluetooth ya ziada, halafu uchague kati ya tatu zilizobaki kwa kuangalia umri wa mashine yako.